Kidogo si Haba, Asema Nani?

Nilipokuwa kidato cha nne niliandika insha ya kumsifu mama yangu, nikaipa jina "Mchawi wa Jikoni". Mwalimu aliipenda, akaisoma mbele ya darasa zima, nami nikajiona mwandishi kamili. Likizo ilipofika nikaenda nayo nyumbani, kijijini kwetu nje kidogo ya mji wa Wete, Pemba, nikamsomea mwenyewe. Alikuwa amekaa juu ya mbuzi anakuna nazi. Alisikiliza mpaka mwisho, kisha akasema mambo mawili. La kwanza: "Mchawi? Khaa! Wapemba tumeshasemwa vya kutosha, mwanangu, na wewe unatutilia wino?" Tukacheka. La pili ndilo lililonikata kicheko: "Umeusifu mchuzi. Mbona hukuuliza nazi niliitoa wapi?"

Tangu siku ile kuna swali linanisumbua. Tunapomsifu mtu kwa kupika chakula kizuri kutokana na vitu vichache vilivyomo ndani, tunamtendea haki, au tunamfunika?

Ndugu msomaji, nikueleze usiku wenyewe nilioutungia insha. Ilikuwa Jumanne, msimu wa karafuu umeanza. Mwezi ulikuwa mpevu, na dagaa huvuliwa kwa taa gizani. Mwezi ukiwaka angani, taa ya mvuvi haina kazi. Kwa hiyo sokoni hamkuwa na kitu, na hicho kidogo kilichokuwapo bei yake haishikiki. Jikoni mlikuwa na mihogo mitatu, ndizi mbichi tano, kipande cha ng'onda kisichozidi kiganja, pilipili, ndimu na chumvi. Walaji sita.

Mama alimenya mihogo na ndizi, akakata vipande, akatia chunguni pamoja na tui la pili, lile jepesi. Kile kipande cha ng'onda akakibanika juu ya makaa, akakiponda kwa pilipili na chumvi, akakikamulia ndimu. Muhogo ulipoiva akamimina tui zito, akawa anakoroga polepole bila kuacha, maana tui zito ukilichemsha ovyo linakatika, mafuta huku na maji kule. Likaja sinia. Kitoweo ambacho mtu mmoja angekimaliza kwa matonge mawili kikatutosha sote sita, kwa sababu kwa ukali wake ilitosha kukigusa tu. Tulilamba vidole. Hayo yote niliyaandika vizuri sana.

Sasa rudi kwenye ile orodha ya vitu vilivyokuwamo jikoni. Nazi ipo? Haipo. Na mie niliyeandika sikuona.

Nazi ile aliichukua kwa jirani, na ilikuwa ya tatu wiki hiyo. Jirani hakumdai. Kwetu nazi moja hadaiwi mtu. Lakini mama alisema mara ya tatu unaona haya mwenyewe, hata kama hujaambiwa neno. Kwa hiyo tulipokwisha kulala alikwenda kwa jirani kumchambulia karafuu, kutenganisha karafuu na makonyo yake, mpaka usiku wa manane. Mwenye kuchuma hulipwa kwa pishi. Mama alilipwa nazi ambayo tayari tulikuwa tumeshaila.

Rafiki yangu mmoja, naye ni mwandishi, nilipomweleza haya aliniambia, "Sasa bwana, ubaya wa sifa uko wapi? Mwenye gunia la mchele na mguu wa mbuzi kila mtu ataweza kupika. Ufundi unaonekana kwenye dhiki." Kusema kweli, ana hoja. Mama angeweza kuchemsha ule muhogo kwa maji na chumvi, akatuwekea, na hakuna ambaye angemlaumu. Hakufanya hivyo. Ndani ya ile dhiki ambayo hakuichagua, alichagua kutupikia kama vile tunastahili kizuri. Uamuzi huo ni wake, na asiyeusifu ni mchoyo.

Lakini tuangalie methali tunayopenda kuisema tukikaa mbele ya sinia kama lile: kidogo si haba. Akiisema mwenye kidogo, ni shukrani. Akiisema mwenye kingi kumwambia mwenye kidogo, ni tusi. Maneno ni yaleyale. Kilichobadilika ni mdomo tu.

Bibi yangu anaijua tofauti hiyo kuliko mie. Mwanzoni mwa miaka ya 1970, wakati wa utawala wa Mzee Abeid Amani Karume, Serikali ilibana uingizaji wa vyakula kutoka nje ili visiwa vijilishe vyenyewe. Mchele, unga wa ngano na sukari vikawa vya mgao, na watu wakapanga foleni. Wakati huohuo karafuu, ambazo nyingi zilitoka Pemba, mnunuzi wake alikuwa Serikali peke yake, kwa bei iliyo chini sana kuliko ya soko la dunia. Karume aliuawa Aprili 1972, na chini ya Mzee Aboud Jumbe masharti yale yakaanza kulegezwa. Bibi akikusimulia miaka hiyo utamsikia anajivuna: namna walivyoanika muhogo ukawa makopa, wakatwanga unga, wakapika ugali, namna shelisheli moja ilivyolisha nyumba. Anajivuna haswa. Halafu ananyamaza, anasema: "Ila usije ukaniambia mie kwamba ilikuwa vizuri."

Mnaona? Yeye anaweza kujisifu kwa makopa. Lakini yule aliyefunga mlango wa mchele akija kumsifu kwa makopa yake, hapo sifa inanuka. Muhogo ulikuwa wa Mungu. Uhaba ule ulikuwa na mikono ya watu.

Na mimi nimejaribu upishi huu. Sasa nakaa Dar es Salaam, chumba cha kupanga Magomeni, na wenzangu wawili. Jumatano moja tulikuta ndani mna unga kidogo, nyanya mbili zilizolegea, dagaa wa kwenye gazeti na limau. Tukaungaunga huku tunacheka, muziki unalia, kila mmoja ana ushauri wake. Kikaliwa. Tukajipongeza kwamba tumekuwa mama zetu. Baadaye nikiwa naosha vyombo nikakumbuka kwamba pale kona kulikuwa na jamaa wa chipsi mayai, na mfukoni nilikuwa na pesa. Chungu kingeharibika tungetoka. Sisi tulikuwa na mlango, kwa hiyo tulikuwa tunacheza. Mama hakuwa na mlango. Tena ulimsubiri usiku wa kesho, na wa kesho kutwa.

Basi nilikwenda tena nyumbani, nikamwambia mama nataka kuiandika upya ile insha, safari hii ya kuhuzunisha, watu walie. Akanitazama kama mtu aliyeletewa samaki aliyeoza. "Huruma yako nayo kaiweke huko. Mie nilipika, mkashiba."

Hapo ndipo nilipoanza kuelewa. Ukimsifu tu, unaufuta uhaba wake. Ukimhurumia tu, unaufuta ufundi wake. Sisi vijana tunaoandika tunaipenda sana njia moja katika hizo mbili, kwa sababu kila moja ni nyepesi. Umaskini wetu kwenye karatasi ama unachekesha ama unaliza. Nadra umaskini huo kuhesabiwa: nani alileta, nani alilipa, nani alilala.

Nani alilala. Hili sijawahi kulisema, na bila kulisema haya mengine yote ni maneno matupu. Usiku ule nilimsikia mama akifungua mlango. Nilisikia komeo, nikasikia kandambili zake uani. Nilikuwa na miaka 16, mikono mizima, na kuchambua karafuu ni kazi ambayo kwetu mtoto wa miaka saba anaijua. Nikageukia upande wa pili na shibe yangu, nikalala. Nadhani ndiyo maana niliandika "mchawi". Uchawi hauna hesabu. Ukisema jambo ni uchawi, hakuna anayekuuliza wewe ulikuwa wapi.

Sisemi tuache kusifu wapishi wetu. Nasema sifa ije na mikono. Msimu wa mwaka jana nilikwenda likizo, nikakaa na mama barazani kwa jirani yuleyule, tukachambua karafuu pamoja. Vidole vyangu vilikuwa vizito, wakanicheka wote wawili. Siku ya pili mama akapika muhogo wa nazi. Nikamwambia ni mtamu. Akasema, "Leo sifa yako naipokea."

Wewe je? Leo usiku ukimaliza kula, nazi ilitoka wapi?