Ahadi ya Jarida

Kuanzisha jarida la kitaaluma katika maktaba ya chuo kikuu si kazi nzito siku hizi. Programu ya Open Journal Systems, tunda la mradi ulioanzishwa na John Willinsky nchini Kanada mwaka 1998, hupatikana bila malipo. ISSN, namba yenye tarakimu 8, huombwa ikatolewa. Na maktaba, iliyokuwa ghala ya vitabu vya wengine, hugeuka mchapishaji.

Uzito huja mwaka wa pili. Mathalani, jarida limeahidi kutoka kila Juni na Desemba. Juni imefika, makala 9 yameletwa, na wahakiki wasiotajwa majina wamekubali 2 tu. Mhariri afanye nini? Akipitisha yaliyo dhaifu, amemdanganya msomaji. Akingoja mengine, amewadhulumu waandishi wawili ambao vyeo vyao vinangojea makala hayo.

Wako wasemao kuwa kuchelewa ndiko aibu kubwa. Hukumu hiyo haina haki. Msomaji aliye mbali, asomaye bure, hana dhamana nyingine ila uaminifu wa mhariri. Waandishi nao wasingojeshwe: makala yaliyokubaliwa na yatoke Juni ileile, yakiwa mawili tu. Mkutubi atanung'unika kwamba toleo ni jembamba mno rafuni. Na liwe jembamba.