Kovu la Kuchora

Wahenga walisema kipya kinyemi, ingawa kidonda. Katika sanaa ya picha methali hii imepinduliwa: siku hizi kidonda ndicho kinyemi, mradi kionekane cha kale.

Mwaka 1982 ilitoka Hong Kong kamera iitwayo Holga, ya plastiki hata lenzi yake, iliyokusudiwa watu wa kipato kidogo nchini China. Mwanga ulipenya katika maungio yake ukaacha madoa kwenye filamu, na pembe za picha zikaingia giza. Baadaye wasanii waliipenda kasoro hiyo. Lakini wapigaji wengi waliziba maungio kwa utepe mweusi, kwani kwao doa lilikuwa hasara.

Leo picha safi ya dijitali hutiwa kwenye programu, ikapaushwa rangi, ikafifizwa pembeni na kupitishiwa mwali mwekundu. Je, huo ni uongo?

Pambo peke yake si uongo. Hina haimdanganyi mtu, kwa kuwa kila aionaye mkononi hujua imepakwa. Doa la Holga, hata hivyo, lilikuwa shahidi: mwanga ulifika pale, saa ile, bila kualikwa. Doa la kuchora halishuhudii lolote ila matakwa ya mchoraji. Madhara yake huja baadaye, mjukuu afunguapo albamu asijue bibi yake aliolewa zama zipi.

Basi apendaye sura ya kale na aipake, ila aandike chini yake tarehe ya kweli. Picha ya jamaa ni amana.