Kitambulisho cha Baba

Baba alikuja na dau kutoka Pemba, akavua Vanga, pwani ya Kenya, mpaka akazikwa huko huko. Leseni ya uvuvi hakuipata, maana hakuwa na kitambulisho. Doria ikija, alijificha mikokoni. Mwaka 2023 Serikali ya Kenya ikatutambua Wapemba kuwa kabila la nchi. Nilipokishika kitambulisho changu, mkono ukinitetemeka, nikajiuliza: haki hii imezaliwa leo, au baba alikuwa nayo siku zote ikakanyagwa? Naamini alikuwa nayo. Ikiwa serikali ndiyo inayoiumba, basi serikali nyingine kesho itaifuta. Haki haingoji karatasi: zamani mfalme Najashi wa Uhabeshi aliwakatalia Makureshi wa Makka waliotaka kurudishiwa Waislamu waliomkimbilia, na wakimbizi hao hawakuwa na karatasi yoyote. Baba alifariki 2019, bila kitambulisho.