Mchagua Jembe na Njia za Majabali

Methali isemayo mchagua jembe si mkulima hutumiwa kumkemea mtu anayejificha nyuma ya zana ili asiingie shambani, na kwa kuwa inasema kweli kuhusu uvivu, ni wachache wanaojiuliza kama inasema kweli pia kuhusu kuchagua. Swali hilo huwa zito pale zana inapokuwa ngumu na ghali, na mfano unaofaa kuchunguzwa ni wa mkazi wa Singida anayetaka kununua baiskeli ya milimani yenye shokapu mbele na nyuma ili aiendeshe katika njia za ng'ombe, mchanga na majabali ya mkoa huo. Shokapu ni kifaa cha springi au cha hewa iliyobanwa kinachopokea mshtuko wa gurudumu kabla haujamfikia mwendeshaji, na ndani yake mna mafuta yanayopenya katika vitundu vidogo ili springi ikishabonyea isirudi juu kwa pupa. Shokapu ya mbele huwa ndani ya foki, yaani uma unaolishika gurudumu, na ya nyuma hukaa katikati ya fremu, ambayo kwa sababu hiyo hukatwa sehemu mbili na kuunganishwa kwa viungo vinavyocheza.

Wapo wanaoona kwamba kuilainisha njia kwa namna hiyo ni kumdekeza mwendeshaji, na kwamba mtu wa kweli huivumilia ardhi kama ilivyo. Hoja hiyo haisimami. John Boyd Dunlop alipotengeneza tairi ya upepo huko Belfast mwaka 1888, alifanya jambo hilohilo la kuweka hewa kati ya mwili na mawe, na leo hakuna anayeiita tairi ya upepo anasa. Vijana walioteremka Mlima Tamalpais huko California katika miaka ya 1970 wakiwa juu ya baiskeli kuukuu zenye matairi mapana, na kampuni ya RockShox iliyoingiza sokoni foki yake ya kwanza yenye shokapu mwaka 1989, waliongeza tu hatua katika safari iliyokwisha kuanza. Kosa, kama lipo, litafutwe kwingine.

Aristotle alifundisha, na Mtakatifu Thoma wa Akwino akalifafanua fundisho hilo karne nyingi baadaye, kwamba uchaguzi kwa maana yake halisi huhusu njia na si mwisho: mganga hajadili kama amponye mgonjwa, bali hujadili amponye kwa dawa gani. Kwa kipimo hicho, anayekemewa na methali si mtu anayelipima jembe, bali ni yule anayelipima jembe kabla hajalijua shamba. Mashamba ya baiskeli mkoani Singida ni zaidi ya moja, na mawili kati yake hayafanani hata kidogo. La kwanza ni la kubeba: matenga ya kuku, magunia ya alizeti, madumu ya maji, vyote vikifungwa kwa mipira juu ya keria ya chuma iliyochomelewa na fundi. Katika kazi hiyo shokapu ya nyuma ni hasara tupu, kwa kuwa keria huhitaji fremu isiyocheza, na mzigo wa kilo 50 ukiongezwa juu ya uzito wa mtu huibonyeza shokapu mpaka mwisho wake ikabaki haina kazi. Baiskeli inayosifiwa kuliko zote dukani huwa hapo mbovu kuliko ile nyeusi ya chuma ambayo mbebaji anayo tayari. Ubora, basi, haukai ndani ya kitu peke yake.

Shamba la pili ni la kuendesha kwa ajili ya kuendesha: kuzunguka majabali yaliyo kandokando ya ziwa Singidani, au kuushuka ukingo wa Sekenke, ambako nyanda za juu za Iramba zinakatika ghafla kuelekea mbuga ya Wembere. Je, furaha hiyo inastahili kugharimiwa mahali ambapo jirani hutumia baiskeli kuchota maji? Elimu ya misingi ya sheria ya Kiislamu, kama ilivyopangwa na Imamu al-Ghazali, aliyefariki mwaka 1111, na kupanuliwa na al-Shatibi wa Andalusia, aliyefariki mwaka 1388, huyagawa maslahi ya binadamu katika ngazi tatu: dharura, ambayo ikikosekana maisha huharibika, haja, ambayo ikikosekana maisha huwa mazito ingawa hayaharibiki, na mambo ya kupendezesha, ambayo huyapa maisha uzuri. Kiswahili kimeyapokea maneno mawili ya kwanza na kuyafanya ya kila siku, lakini mazungumzo ya sokoni huyachanganya, hivi kwamba kila kinachotamaniwa huitwa haja. Jambo la maana katika mpango huo ni kwamba ngazi ya tatu haikufukuzwa. Ilipewa mahali pake, chini ya zile mbili, kwa sharti kwamba isizibomoe. Mtu ambaye nyumba yake imeshiba na ada za shule zimelipwa hafanyi dhambi akiupenda mteremko. Hukosea pale anapoupa mteremko jina la dharura.

Akishafika hapo, kitu chenyewe humfundisha kipimo. Kwenye mti wa shokapu huvishwa ringi ndogo ya mpira; mwendeshaji huisukuma hadi iguse mwili wa shokapu, hukaa juu ya tandiko kwa utulivu akiwa amevaa kila atakachovaa njiani, kisha hushuka polepole na kutazama ringi imesogea kiasi gani. Ikiwa mti huo unaweza kubonyea milimita 50, inafaa ringi iwe imesogea kati ya milimita 13 na 15. Ikipungua, baiskeli itaruka juu ya mawe kama mbuzi, na ikizidi, itazama na kugonga. Kiasi hicho hupatikana kwa kuongeza au kupunguza hewa, na cha mtu wa kilo 60 si cha mtu wa kilo 90. Aristotle aliposema kwamba wastani wa wema hupimwa kwa kumhusu mtendaji, si kwa hesabu moja ya wote, alikuwa akieleza jambo ambalo ringi hiyo huonyesha kwa macho.

Linabaki suala la amana, yaani kitu ambacho mtu amekabidhiwa akitunze na ataulizwa juu yake. Upepo wa Singida hubeba vumbi, na vumbi hukwangua sili za mpira zinazozuia mafuta ya shokapu yasitoke. Baadhi ya watengenezaji huelekeza foki ifunguliwe na kusafishwa kila baada ya saa 50 za kuendesha, ambazo kwa mwendeshaji wa saa moja kila siku hazifiki hata miezi miwili. Fundi wa chini ya mti ana gololi, grisi, spoku na viraka, lakini pampu ya shokapu, inayosukuma hewa kufikia paundi 200 kwa inchi ya mraba, si kifaa cha kila kijiwe. Anayenunua bila kujua sili zitatoka wapi amenunua mwaka mmoja wa baiskeli na miaka kadhaa ya chuma kilicholala ukutani, na hilo ndilo linalostahili kuitwa israfu, kuliko bei yenyewe.

Kwa wengi wanaoendesha kati ya Singida mjini, Ikungi na Manyoni, ambako njia ni mchanga, tambarare na mbigili, shokapu ya mbele pekee inatosha, na fedha inayobaki ielekezwe kwenye matairi mapana yasiyo na tyubu, yenye maji ya kuziba matundu ya miiba. Shokapu ya nyuma, inayoliruhusu gurudumu kupanda milimita 120 hadi 130, ni haki ya yule anayeshuka mawe kila wiki, anayejua kuifungua au anayemjua wa kuifungua, na ambaye hakuna wa nyumbani mwake aliyepunguziwa kitu ili inunuliwe.