Kilichobaki Baada ya Kuoshwa

Katika miezi sita ya kwanza ya mwaka 2024, polisi wa Japani walihesabu watu 37,227 waliokuwa wakiishi peke yao wakafia majumbani mwao. Kati yao, 3,939 waligunduliwa baada ya zaidi ya mwezi mzima, na 130 baada ya mwaka au zaidi. Kifo cha namna hii Wajapani hukiita kodokushi, kifo cha upweke. Maiti ikishaondolewa, chumba hubaki na alama ambazo ndoo na ufagio wa kawaida haviziwezi, na hapo huitwa watu ambao hiyo ndiyo kazi yao, wasafishaji wa mahali alipofia mtu.

Je, watu hawa huondoa nini hasa? Jibu la haraka ni uchafu. Lakini damu ya mtu haikuwa uchafu ilipokuwa ikizunguka mwilini mwake, na hata sasa mwanawe hawezi kuiita hivyo. Labda basi huondoa picha, ile ambayo mtoto angeiona mara moja akabaki nayo maisha yote. Kwa maana hiyo, usafi ni kumrudishia aliyefiwa uwezo wa kuingia chumbani na kumkumbuka mzazi wake alivyoishi, asilemewe na jinsi alivyokutwa.

Hata hivyo, kazi hii hulipwa. Je, kinacholipiwa kinaweza kuwa heshima? Waislamu wa pwani yetu wamefundishwa kwamba kumwosha maiti ni faradhi ya kifaya: wakiitekeleza wachache, waliobaki huondokewa na lawama, asipotokea hata mmoja, wote wana dhambi. Anayesikia hivyo anaweza kuona kwamba fedha imeinunua faradhi na kuivunjia hadhi. Lakini baadhi ya wasafishaji hao wa Japani hukutanisha viganja na kumwombea marehemu kabla ya kugusa chochote, na wengine huwasha ubani. Picha na barua huziweka kando kwa ajili ya ndugu. Nadhani heshima ni namna unavyomtendea mtu asiyeweza kukushukuru wala kukushtaki. Malipo hununua saa zao na nguvu zao. Hayo mengine huyatoa wenyewe.

Basi kama heshima imesalimika, ni kipi kilichopotea? Mwaka 2021 serikali ya Japani ilitoa mwongozo kwa madalali wa nyumba. Mtu akifa nyumbani kwa uzee au maradhi, si lazima mpangaji mpya aambiwe. Lakini kifo hicho kikichelewa kugunduliwa hadi usafi maalumu ukahitajika, inapasa aambiwe, kwa muda wa takriban miaka 3. Tuutafakari mpaka huo. Vifo vyote viwili ni vya kawaida, na mtu ni yuleyule. Kinachovitenganisha ni siku zilizopita bila mtu kuuliza yuko wapi. Doa ambalo mpangaji anaonywa nalo limeachwa na wale waliokuwa hai.

Labda ndiyo sababu Miyu Kojima, mmoja wa wasafishaji hao, huvijenga upya vyumba hivyo kwa vipimo vidogo, vikiwa na matandiko yake na vitu vilivyorundikana. Haigi chumba cha mtu mmoja. Huchanganya aliyoyaona katika vyumba vingi ili asiwaumize wafiwa. Mbona mtu akitengeneze tena kile anacholipwa akiondoe? Naona amefahamu hatari iliyomo ndani ya kazi yake mwenyewe: sakafu ikitakata, chumba hupangishwa, na jirani hupita asijue kwamba kulikuwa na jambo lililomhusu.

Kwa hiyo kuna majukumu mawili, na tusiyachanganye. La kwanza ni kumsitiri aliyekwisha kufa, na hili wachache wanaweza kulibeba kwa niaba yetu. Tunawiwa shukrani kubwa kuliko ujira tunaowapa. La pili ni kujua kwamba mtu bado yu hai, na huo ndio ujirani: kuwa na mtu ambaye ukimya wako utamsumbua kabla jua halijazama mara mbili. Hili halina wakala. Sisi tunaohamia kwenye maghorofa yenye mageti tunaweza kukodi mlinzi, mfagiaji na siku moja hata msafishaji wa msiba, lakini mlango wa pili unatudai hodi yetu wenyewe, leo, mwenyewe angali yupo wa kuitikia.