Pua Iliyopasuliwa na Ruhusa ya Sujudu

Miongoni mwa maswali ambayo tiba ya kisasa imeyaleta mbele ya fiqhi, yaani elimu ya hukumu za matendo katika Uislamu, lipo moja lisilopewa uzito unaostahili: je, mtu aliyejitakia mwenyewe upasuaji wa kurembesha pua, kisha akakatazwa na daktari kuinamisha kichwa ili uvimbe upungue, anastahili nafuu ya ibada anayopewa mgonjwa ambaye maradhi yalimfika bila kuyataka? Mjadala umezoea kuishia kwenye upasuaji wenyewe, kama ni halali au ni kubadili umbile la Mwenyezi Mungu, ilhali muumini mwenye banzi juu ya pua na weusi kuzunguka macho bado anadaiwa sala tano siku hiyohiyo.

Hukumu haiwezi kueleweka kabla ya hali ya mwili kueleweka. Mara nyingi daktari hukata mifupa ya pua ili kuisogeza, na damu inayovuja kutoka kwenye mishipa midogo huvilia chini ya macho, ambako ngozi ni nyembamba mno. Uvimbe huzidi kwa siku 2 au 3 za mwanzo ndipo uanze kushuka, weusi kwa kawaida huisha ndani ya wiki 2, na ncha ya pua huweza kuchukua mwaka mzima au zaidi kabla ya kutulia. Katika siku za mwanzo mgonjwa hulala kichwa kikiwa kimeinuliwa kwa mito, huweka barafu iliyofungwa kwenye kitambaa mashavuni na kando ya macho kwa vipindi vifupi bila kuigandamiza pua, hapengi kamasi, hanyanyui vitu vizito, wala hainami, kwa kuwa kichwa kikishuka chini ya moyo msukumo wa damu usoni hupanda, na mshipa ulioanza kuziba huweza kufunguka tena. Sujudu ndiyo hali hasa inayokishusha kichwa hivyo.

Katika Hadithi inayotaja kusujudu juu ya mifupa saba, Mtume alipotaja paji la uso aliashiria pua yake kwa mkono. Mashafii, yaani wafuasi wa madhehebu ya Imamu Shafii, ambao ndio wengi miongoni mwa Waislamu wa pwani ya Afrika Mashariki, huhesabu paji la uso kuwa wajibu na pua kuwa sunna, lakini hilo halimsaidii sana mgonjwa huyu, kwani tatizo lake ni kuinama kwenyewe. Asiyeweza kusujudu husali kwa ishara, akiinama kadiri isiyomdhuru na kuifanya sujudu iwe chini kidogo kuliko rukuu. Kwenye udhu, banzi lake huitwa jabira, yaani kifungo kilichowekwa juu ya jeraha: hupanguswa kwa maji, sehemu nzima za uso huoshwa, na tayamamu, yaani kujitwaharisha kwa udongo, huongezwa. Mashafii hushikilia pia kwamba jabira ikiwa usoni au mikononi, penye viungo vya tayamamu, sala zilizosaliwa nayo zirudiwe baada ya kupona. Mahanafi, wafuasi wa madhehebu ya Imamu Abu Hanifa, hawadai hivyo.

Pingamizi kubwa linatoka katika kanuni ya Mashafii wenyewe kwamba ruhusa haifungamanishwi na maasi, ndiyo maana aliyesafiri kwenda kuiba hapunguzi sala. Anayeuona upasuaji wa urembo kuwa haramu, akitegemea aya ya 119 ya Suratun Nisaa na Hadithi ya wanaochonga meno kwa ajili ya uzuri, ataona mlango umefungwa. Hata hivyo, wanazuoni haohao wa Kishafii wameandika kuhusu mtu aliyeruka bila haja akavunjika mguu, kwamba husali ameketi, na kauli yenye nguvu haimlazimishi kuzirudia sala hizo. Safari ya maasi ni tendo linaloendelea, na msafiri aweza kugeuka njiani wakati wowote, lakini mguu ukishavunjika hakuna pa kugeukia. Pua iliyokwisha kupasuliwa ni ya fungu hili la pili, kwa sababu toba, hata ikiwa ya kweli kiasi gani, haipunguzi uvimbe. Kumlazimisha mtu huyu asujudu mpaka damu imtoke ni kuigeuza ibada kuwa adhabu ambayo hakuna kadhi aliyeihukumu.

Kisa cha Arfaja bin As'ad kina mwanga hapa. Pua yake ilikatwa katika vita vya Kulab zama za Jahiliya, yaani kabla ya Uislamu, akavaa ya fedha, ikaanza kunuka, na Mtume akamwamuru atumie ya dhahabu, ingawa dhahabu ni haramu kwa wanaume. Wengi hukitumia kisa hiki kuhalalisha tiba ya pua. Lisiloangaliwa ni kwamba ruhusa ya dhahabu ilijibu dhara lililozaliwa na tiba ya kwanza. Arfaja hakujitakia kukatwa pua, na tofauti hiyo ni ya kweli, lakini usumbufu unaofuata tiba ulihesabiwa kuwa haja inayojitegemea.

Nafuu hii ina mpaka wake. Ishara humalizika pale daktari anaporuhusu kuinama, na mgonjwa ana wajibu wa kumwuliza ni siku ngapi badala ya kukisia kwa kujitazama kwenye kioo, kwa kuwa weusi huweza kutoweka kabla mifupa haijashikana.