Kukatia Bima Gari Lenye Jina la Mtu Mwingine

Imekuwa ada katika miji yetu mtu kununua gari, akalipa thamani yake yote, kisha akaliacha katika jina la aliyemuuzia, au akaliandikisha kwa jina la nduguye. Siku ya kukata bima akiulizwa gari ni la nani, hujibu apendavyo. Na akinasihiwa husema: "Mbele ya Mwenyezi Mungu gari ni langu; karatasi ni mambo ya serikali." Neno hili lina haki ndani yake na lina batili, nasi yatupasa kuzipambanua.

Haki yake ni kwamba katika Sharia milki huhama kwa ijabu na kabuli baina ya muuzaji na mnunuzi, si kwa wino wa daftari. Hata sheria ya Kenya ya barabarani, Sura ya 403, yasema mwenye jina huhesabiwa kuwa ndiye mwenye gari mpaka ithibitike kinyume chake. Basi jina ni ushahidi, si milki.

Lakini ushahidi nao ni amana. Aya iliyo ndefu kuliko zote katika Qur'ani, nayo imo katika Suratul Baqara, imekuja kutuamrisha kuandika madeni na kuweka mashahidi, ili watu wasidhulumiane. Aachaye andiko liseme lisilokuwa ameufungua mlango wa dhulma. Akifa mwenye jina, warithi wake watalidai gari lisilo lao. Akifa mwenye gari, mayatima wake watakosa hati ya kuonyesha.

Amma bima, Majmaa ya Fiqhi ya Kiislamu ilipokutana Jidda mwaka 1985 iliiharamisha ile ya biashara kwa sababu ya gharari, ikajuzisha ya kusaidiana. Lakini Sura ya 405 ya sheria za Kenya yalazimisha gari litembealo barabarani liwe na bima kwa ajili ya watu wengine litakaowadhuru. Aliyelazimishwa ana udhuru wa kukata bima. Hana udhuru wa kusema uwongo. Akificha, kampuni yaweza kwenda mahakamani kuomba bima ivunjwe, na khasara ikamshukia aliyegongwa, ambaye yeye hakuficha lolote.

Mtume, rehema na amani zimshukie, alitia mkono katika chungu ya nafaka sokoni, akakuta chini imerowa na juu ni kavu, akamkemea mwenye nayo. Nafaka ile ilikuwa mali yake. Lawama ilikuwa ya kuficha.

Kwa hiyo twaona hivi. Gari likiwa la mwenzio nawe walitumia kwa idhini yake, iandikeni idhini hiyo, na kampuni iambiwe kweli kabla ya kupokea pesa. Likiwa lako, hamisha jina. Sheria imetoa siku 14. Nawe uliyeuza, usiseme umekwisha pokea haki yako: kumpa mwenzio hati yake ni katika kumkabidhi alichonunua.

Wabillahi tawfiq.